Tangazo la Februari Nililolisikia Agosti

Wiki ya kwanza ya Agosti 2017 nilipanda matatu ya alfajiri kutoka Malindi kwenda Mombasa kununua mifuko ya plastiki ya kufungia mabuyu. Nilinunua mingi kuliko siku zote. Shule zilikuwa zinafungwa, Idd Kubwa ilikuwa mbele yetu mwanzoni mwa Septemba, na uzoefu wangu ulikuwa unaniambia kwamba msimu kama huo watoto wanamaliza sufuria mbili kwa siku. Nilitia akiba yangu yote na nyingine nikaazima kwenye chama. Muuzaji alinipunguzia bei kabla sijafungua mdomo kuomba. Nilimshukuru, nikamuombea dua, nikarudi nyumbani na marobota mawili juu ya matatu.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini alikuwa mkarimu kiasi kile. Simlaumu. Naye alikuwa na mzigo wa kumaliza.

Siku zile masikio yetu sote yalikuwa kwenye uchaguzi, uliofanyika tarehe 8 mwezi ule. Redio ilikuwa inasema kura, msikitini watu wanaombea amani, barazani mazungumzo ni nani kapita na nani kaanguka. Uchaguzi ulipopita nikarudi jikoni. Nilipika shira, nikatia ubuyu, rangi na iliki, nikafunga paketi za shilingi tano na za kumi, nikazipeleka kwa mama mmoja mwenye duka Barani ambaye nilikuwa nikimuuzia kwa miaka minne. Alizishika, akazirudisha mkononi mwangu.

“Dada, hizi usiniletee tena. Tarehe ishirini na nane wanaanza kushika watu.”

“Kushika kwa nini? Kwa mabuyu?”

“Kwa mfuko, si kwa mabuyu.”

Faini ilikuwa kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote viwili. Nilidhani amesikia vibaya. Mtaji wangu wote, sufuria na jiko na magunia ya ubuyu, haukufika elfu arobaini.

Jioni nilikwenda kwa ami yangu, ambaye alikuwa karani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilikwenda kulia, kusema kweli, sikwenda kuuliza. Aliniacha nikamaliza, kisha akafungua simu yake, akatafuta, akanionyesha ukurasa wa Gazeti Rasmi la Kenya. Tangazo nambari 2356. Waziri wa Mazingira anapiga marufuku kutengeneza, kuingiza nchini na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea na ya kufungia, miezi sita tangu siku ya tangazo.

“Soma tarehe, mwanangu,” akaniambia.

Ilikuwa 28 Februari 2017.

Nililiangalia lile neno Februari kwa muda mrefu. Februari sikuwa nimenunua robota hata moja. Februari nilikuwa na nafasi ya kumaliza mifuko niliyokuwa nayo, kutafuta kitu kingine, kujaribu, kukosea na kujaribu tena. Miezi sita si muda mdogo kwa mwenye kujua. Mimi nilibaki na siku kumi na tano. Serikali haikuwa imenificha neno. Ilikuwa imelisema, kwa maandishi, kwa lugha ya Kiingereza cha kisheria, mahali ambapo mtu wa sufuria na mwiko hapiti.

Nataka nieleweke vizuri. Marufuku yenyewe naiunga mkono mpaka leo. Kila masika mitaro ya Malindi ilikuwa inaziba kwa ile mifuko na maji yanaingia vyumbani, na wavuvi wa huku Watamu wamewaona kasa waliokula plastiki wakidhani ni chakula. Walioagiza mifuko kutoka nje walikwenda mahakamani siku chache kabla ya tarehe kuomba marufuku isimamishwe, na mahakama ikakataa, na nadhani ilikataa kwa haki. Kinachoniuma mimi ni ile tarehe. Kama ningeisikia Machi, nisingepoteza kitu.

Ami alinisomesha lile tangazo mstari kwa mstari usiku ule, na hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza ambalo limenisaidia katika kila kanuni iliyokuja baadaye: soma maana ya maneno kabla ya kuogopa adhabu. Tangazo lilikuwa limeeleza mfuko wa kubebea ni upi, wenye mikono, na mfuko bapa ni upi, usio na mikono. Vifuko vyangu vya mabuyu vilikuwa bapa, vimo ndani. Lakini mkebe wa plastiki wenye kifuniko haukuwa mfuko wa aina yoyote kati ya hizo mbili. Watu sokoni walikuwa wanasema plastiki yote imekwisha, na wengine walitupa hata ndoo. Pia kulikuwa na njia ya vifungashio vinavyotiwa bidhaa kiwandani zinakotengenezwa, kwa masharti yake na ruhusa ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Njia hiyo haikuwa ya mtu anayepikia uani kwake, lakini ilieleza kwa nini mkate wa kiwandani uliendelea kuuzwa ndani ya nailoni wakati mimi nimekatazwa. Mtaani watu walikuwa wanasema ni hongo. Ilikuwa imeandikwa.

Nilijaribu karatasi kwanza. Mabuyu yanashika karatasi, shira inalowa, mtoto anakula ubuyu na habari za jana. Nikaenda kwenye mikebe midogo. Mkebe mmoja ulikuwa na bei kubwa kuliko mabuyu yaliyokuwa yakiuzwa shilingi tano, kwa hiyo mabuyu ya shilingi tano yalikufa kwangu mwaka ule na hayajarudi. Wateja wangu wadogo kabisa, wanaotoka madrasa na sarafu moja mkononi, niliwapoteza. Marobota yote mawili niliyakabidhi kwa mtu aliyekuwa anakusanya plastiki, bila kulipwa senti. Deni la chama nililimaliza Aprili iliyofuata.

Baada ya hapo nilianza kumfuata ami kila Ijumaa baada ya swala, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku Gazeti Rasmi linapotoka. Yeye alikuwa anapenda kulisoma kama wengine wanavyopenda mpira. Mimi nilikuwa naogopa tu kukutwa tena. Kidogo kidogo nikaanza kuona kwamba kanuni haiangukii mtu ghafla. Inatembea, ina vituo, na sisi wenye biashara ndogo tumezoea kuisubiri kwenye kituo cha mwisho, pale askari anapobisha mlango.

Ipo sheria nambari 23 ya mwaka 2013, inayosimamia kanuni zote zinazotungwa na mawaziri na mamlaka za serikali kwa niaba ya Bunge. Ami aliniandikia vifungu vyake kwenye daftari la mabuyu, na daftari hilo bado ninalo. Anayetunga kanuni anatakiwa kuwashauri watu itakaowagusa, na sheria inataja hasa zile zinazogusa biashara. Kama kanuni itawatwika watu gharama kubwa, lazima aandike taarifa ya athari: lengo ni nini, gharama ni kiasi gani na nani atazibeba, na kuna njia gani nyingine ya kufikia lengo lile lile. Taarifa hiyo inatangazwa kwenye Gazeti Rasmi na kwenye gazeti la kawaida, na watu wanapewa siku zisizopungua 14 za kuleta maoni yao kwa maandishi. Kanuni ikishachapishwa, inatakiwa ifikishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao. Isipofikishwa, inakosa nguvu. Bunge lina uwezo wa kuifuta. Na hata ikipita kote huko, haiishi milele: baada ya miaka 10 inajifia yenyewe, isipokuwa imefutwa mapema au muda wake umeongezwa.

Hilo la miaka 10 ndilo lililonifungua macho zaidi. Nilipolijua nilianza kuangalia umri wa kanuni zinazonihusu, za chakula, za vipimo, za vifungashio, kama mtu anavyoangalia tarehe kwenye maziwa. Kanuni inayokaribia miaka yake kumi ina maana kwamba mahali fulani, kwenye ofisi fulani, kuna mtu ameanza kuandika mpya. Huyo ndiye wa kumtafuta, wakati kalamu bado iko mkononi mwake.

Mara ya kwanza niliyojaribu kusema, nilikosea. Rasimu moja ya ada na leseni ilikuwa imetuweka sisi wapika mabuyu, achari na krispi za muhogo katika kundi moja na viwanda vidogo. Ofisi iliyoitisha mkutano sitaitaja. Tangazo lilibandikwa mlangoni siku tatu kabla, mkutano ukawekwa saa tatu asubuhi, saa ambayo mwanamke wa jikoni yuko katikati ya shira na hawezi kuiacha. Nilizima jiko nikaenda. Ukumbi ulikuwa umejaa, wengi hawakujua wameitiwa nini. Rasimu yenyewe ilikuwa nakala moja, mbele, kwenye meza ya wakubwa.

Nilipopewa kipaza sauti nilisema kwa uchungu. Nilisema tunaonewa, kwamba maisha ni magumu, kwamba mama mjane atakula nini. Watu walinipigia makofi sana. Nilirudi nyumbani nikihisi nimefanya kazi. Nilipoona ile ripoti baadaye, mchango wangu uliandikwa kwa maneno sita: wananchi waliomba ada zipunguzwe, kwa ujumla. Ada haikupungua hata shilingi.

Ami alisikitika pamoja nami, kisha akasema kitu ambacho sikukipenda wakati ule. “Uliwapa huzuni yako, na huzuni haina safu kwenye jedwali lao. Wape hesabu.”

Nilikaa na neno hilo muda mrefu. Niliona nimedharauliwa. Lakini mwaka uliofuata, kabla rasimu nyingine haijatoka, tulikaa wanawake kumi na mmoja kwenye ua wa mwenzetu mmoja Maweni tukaandika. Kila mmoja alileta daftari lake. Ilikuwa kazi ngumu, maana wengi tulikuwa hatuandiki kitu. Hesabu iko kichwani na kwenye khanga. Ilibidi tupike pamoja siku moja, tupime. Ubuyu kilo ngapi, sukari kilo ngapi, makaa debe ngapi, mikebe mingapi, siku mbili za mtu mmoja. Kinachobaki mkononi baada ya yote. Tulikiandika. Kisha tukaandika ada iliyopendekezwa ni sawa na faida ya siku ngapi. Wenzangu walinyamaza walipoiona ile namba, kwa sababu tulikuwa tukisema kila siku kwamba ada ni kubwa lakini hakuna aliyewahi kuiona ukubwa wake.

Hatukuomba ada ipunguzwe. Tuliomba jambo moja: mstari wa jedwali unaosema “watengenezaji wa vyakula” ugawanywe, anayepikia nyumbani bila mashine wala mfanyakazi wa kuajiriwa awe na mstari wake. Tuliandika mstari wenyewe ulivyotakiwa kusomeka, neno kwa neno, ili anayeandika asipate taabu. Ukurasa mmoja na nusu, sahihi kumi na moja, nambari za vitambulisho. Tulipeleka nakala mbili. Moja tukaiacha, ya pili tukagongewa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo tuliuthamini kuliko makofi yote ya mwaka uliopita.

Mstari uligawanywa. Ada ya kundi letu haikushuka tulivyotamani, ilishuka kidogo, lakini tulitoka kwenye safu ya viwanda na ukaguzi wa viwanda.

Katiba ya 2010 ndiyo inayotupa nafasi hiyo. Kifungu cha 10 kinataja ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa, cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe watu, na cha 196 kinayataka mabunge ya kaunti vile vile. Na mahakama zimeonyesha kwamba ushiriki si karatasi ya mahudhurio tu. Majirani zetu wa Lamu walipopinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, Baraza la Kitaifa la Mazingira, linaloamua kesi za mazingira, lilifuta leseni yake tarehe 26 Juni 2019, na sababu kubwa ilikuwa kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilikuwa imefanyika. Haikutosha. Huku Malindi habari hiyo ilitufikia kama upepo wa kusi. Hata waliokuwa wakisema kuandika barua ni kujichosha walianza kuuliza barua inaandikwaje.

Kodi nazo zina kalenda yake, na hii ni rahisi kuikumbuka kuliko zote. Mswada wa Fedha wa taifa unafika Bungeni kufikia mwisho wa Aprili, Mei watu wanatoa maoni, Juni bajeti inasomwa, Julai mosi mwaka mpya wa serikali unaanza. Mwenye biashara anayeanza kusikiliza Julai amechelewa miezi miwili. Mwaka 2023 mimi nilianza kusikiliza Aprili. Nilisikia mapema kwamba kodi ya mauzo kwa wenye biashara ndogo inapanda kutoka asilimia 1 hadi 3. Nilisikia pia kwamba kuanzia Januari 2024 mnunuzi hataweza kuhesabu gharama yake mbele ya mamlaka ya kodi, KRA, bila ankara ya kielektroniki ya mfumo wao wa eTIMS.

Hilo la pili lilinihusu zaidi, ingawa mimi ni mdogo. Kwa wakati ule nilikuwa nikiuzia maduka mawili ya Mombasa na hoteli moja ya Watamu. Nilijiuliza: hoteli ikishindwa kuhesabu mabuyu yangu kama gharama, itaninunulia kwa nini? Nilijisajili Novemba, mpwa wangu akanifundisha kwenye simu, nikakosea, nikarekebisha. Januari meneja wa hoteli aliponipigia simu kwa sauti ya mtu anayetaka kuniaga, nilimtumia ankara kabla hajamaliza kueleza. Wapo wenzangu waliopoteza wateja mwezi ule. KRA baadaye iliongeza muda wa kujisajili hadi 31 Machi, lakini wateja wengine walikuwa wameshapata muuzaji mwingine.

Neno moja kuhusu sheria hiyo hiyo. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufani ilisema Sheria yote ya Fedha ya 2023 ilikuwa kinyume cha Katiba, na ushiriki wa wananchi ulikuwa miongoni mwa sababu. Kwenye kundi letu la simu kulikuwa na vigelegele; mmoja alisema anafuta eTIMS kwenye simu yake jioni ile ile. Nilimpigia nikamsihi asubiri. Oktoba mwaka ule Mahakama ya Juu ikaurudisha uhalali wa sheria. Kanuni iliyo mahakamani inaweza kurudi mpaka ngazi ya mwisho iseme, na mwenye mtaji mdogo hana nguvu ya kubahatisha.

Mpwa huyo huyo anasoma mambo ya biashara, na siku moja alinieleza jambo la Marekani ambalo halijanitoka kichwani. Huko wana sheria ya mwaka 1980 inayozitaka idara za serikali kutoa, mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, orodha ya kanuni wanazofikiria kutunga ambazo zinaweza kuwagusa sana wenye biashara ndogo. Si kanuni zilizotungwa. Zinazofikiriwa. Na kanuni ambayo tayari inawagusa sana inatakiwa iangaliwe upya ndani ya miaka 10, kuona kama bado inahitajika. Sidhani kama huko kila mpika peremende anaisoma orodha hiyo. Lakini ipo, na anayesimama kwa niaba ya wenzake anajua pa kuanzia.

Nilipomsikia nilirudi kwenye Agosti yangu na yale marobota mawili. Sisi tuna siku 14 za maoni, tuna muhuri, tuna Katiba inayotutaja. Tunachokosa ni mtu wa kutuambia mwezi wa kwanza: mwaka huu tunafikiria kugusa vifungashio, tunafikiria kugusa rangi za chakula, tunafikiria kugusa leseni. Orodha moja, ya Kiswahili, ukurasa mmoja, ibandikwe kwenye ofisi ya chifu, isomwe kwenye redio za Pwani kabla ya habari, ipelekwe kwa viongozi wa soko. Haina gharama ya kutajika. Anayeandika kanuni anajua anachoandika miezi mingi kabla yetu. Kutuambia hakumpunguzii mamlaka hata chembe.

Mwezi uliopita tuliandika tena, safari hii wanawake kumi na tisa pamoja na mafundi viatu watatu na muuza maji. Tumeomba orodha hiyo, kwa ofisi tatu tofauti. Tumetaja Kifungu cha 35, kinachompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ami ni mgonjwa sasa, macho yamepungua, lakini alitaka barua isomwe mbele yake kabla ya kupelekwa, na alinifanya nifute sentensi mbili zilizokuwa za hasira. Mihuri tumeshapata miwili. Ofisi ya tatu waliniambia mwenye muhuri amekwenda semina, nirudi Jumatatu.